Mkono wa mtoto mchanga: namna unavyofundishwa kukamata, hapa Kibati na kwingine

Siku ya kupimisha watoto, kwenye kituo cha afya cha upande wetu wa Kibati, wamama wanakaa kwenye benchi na kadi mkononi, mtoto yuko mgongoni ama kwenye magoti. Muuguzi anapima kilo, anapima urefu, anazungusha utepe kwenye mkono wa mtoto ili aone kama amekonda. Anauliza kama mtoto anakaa, kama anasimama, kama anatembea. Halafu anaandika. Nje ya mlango, mama mzee aliyesindikiza binti yake anauliza swali ambalo halimo kwenye kadi: "Anashaanza kukamata?" Binti anajibu: "Iko anakamata na mkono mzima, ya vidole bado."

Makala hii imetokana na swali lile la mlangoni. Ndani mkono umepimwa unene. Nje mkono umeulizwa kazi yake. Tunapoandika juu ya mila zetu tunazoea kuanza na ndoa, mahari, matanga na ngoma, na mtoto anaingia kwenye kitabu siku ya kupewa jina, kisha anapotea mpaka awe mkubwa wa kuchunga mbuzi. Ile miezi kumi na miwili ya kwanza tunairuka, kana kwamba mtoto anakua peke yake kama majani. Mimi nasema hapana. Mkono wa mtoto unafundishwa, na mafundisho yenyewe yanategemea vitu vilivyomo nyumbani na mtu aliye karibu. Vitu vile vikipotea, ama mtu yule akikimbia, mafundisho nayo yanabadilika. Sisi watu wa barabara ya Rutshuru tumeyaona hayo kwa macho.

Kwa wasiopajua: Kibati iko katika sheferi ya Bukumu, teritware ya Nyiragongo, kaskazini ya mji wa Goma. Chukudu zinazoteremka kutoka Kibumba na kabichi, viazi na makala zinapita hapa, na hapa ndipo watalii walikuwa wakianzia safari ya kupanda volkano. Ardhi yetu ni mawe ya moto yaliyopoa. Nyiragongo ilitapika tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021, bila kuhesabu zile za zamani zilizotengeneza nchi yenyewe. Jiwe la volkano ni kali kama kikwaruzo. Mtoto akiwekwa chini atambae, viganja na magoti vinachubuka. Kwa hiyo mtoto wa huku mchana kutwa yuko mgongoni, mapajani, juu ya mkeka, ama ndani ya beseni la plastiki lililojazwa vitenge. Wageni wengine wameshangaa kuona watoto wetu hawatambai sana, wakafikiri ni ugonjwa. Si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilifuata watoto wenye afya nzuri katika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatoka mwaka 2006: kati ya kila watoto 100, kama 4 hivi hawakutambaa kwa viganja na magoti hata siku moja, na wakatembea kama wenzao.

Basi mkono wa mtoto asiyetambaa unafanya nini? Unakamata.

Tuanze siku ya kuzaliwa. Tia kidole chako katika kiganja cha mtoto wa siku moja: anafumba, na anafumba kwa nguvu inayokushangaza. Wamama wazee wanasema, "Anakusalimia." Mwaka 1891 daktari mmoja Mwingereza, Louis Robinson, aliwajaribu watoto wachanga kama 60 kwa kuwaning'iniza kwenye kijiti ama kwenye kidole chake, wengine hawajamaliza hata saa moja duniani. Karibu wote waliweza kujishika sekunde 10 ama zaidi. (Sijui mama gani wa hapa angemkubalia!) Yeye aliona katika jambo lile alama ya undugu wa binadamu na nyani, kwa sababu mtoto wa nyani anabebwa kwa kushika manyoya ya mama yake. Lakini mshiko ule si wa kupenda. Mkono unajifunga wenyewe, na mtoto hawezi kuuamuru ufunguke. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita tabia hiyo inapungua na kwisha, na ni lazima ipungue, kwani mkono uliofungwa muda wote hauwezi kuchukua kitu.

Karibu na mwezi wa pili na wa tatu mtoto anagundua mkono wake. Anauinua mbele ya uso, anautazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Mwezi wa nne anaanza kutupa mkono kwenye kitu anachokiona. Hapa kwetu kitu cha kwanza kwa kawaida ni mwili wa mama mwenyewe: shanga za shingoni, hereni, nywele, fundo la kitenge. Ndiyo maana wamama wengi wanavua hereni mtoto akifikia umri huo. Angalia pia namna kitenge kinavyofungwa. Mtoto ambaye shingo yake bado inalegea anafungwa mikono yote ndani. Shingo ikikomaa, mama anatoa mikono nje, moja huku na moja kule, na tangu siku ile mtoto anashika begani, anavuta kilemba, anakamata jani la mgomba mkipita chini yake. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Binti anaionyeshwa na mama yake, ama na mama mkwe.

Mwezi wa tano na wa sita anakamata kwa kiganja chote. Mwanzoni kitu kinakaa upande wa kidole kidogo, kama mtu anayekumba makapi, na dole gumba halina kazi. Kisha kazi inahama polepole kuelekea upande wa dole gumba. Wakati huo kila kitu kinapelekwa kinywani, kwa sababu kinywa kinajua vitu kabla ya mkono. Karibu na mwezi wa sita na wa saba anaweza kuhamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hapo mama mzee anafurahi sana, maana mikono imeanza kusaidiana. Halafu, kati ya mwezi wa nane na wa kumi, vinakuja "vya vidole" alivyosema yule binti: dole gumba na shahada vinakutana, na mtoto anaokota punje.

Na punje ya nchi yetu ni haragi. Mama anachambua maharagi juu ya ungo, mtoto yuko pembeni, mkono wake unaingia. Kwanza anakwarua kwa vidole vyote na kumwaga nusu chini. Baada ya wiki chache anachagua moja. Mama mwenye busara hapo hampi mkavu: anampa lililopikwa likalainika, ama kipande cha kiazi kitamu, ama muhogo uliopondwa. Haragi kavu na karanga vinaweza kuingia njia ya pumzi, na mtoto akafa mbele ya mama yake kwa dakika chache. Hilo nalo ni sehemu ya mafundisho: nani anakaa karibu na ungo, na jicho lake liko wapi.

Mwisho kabisa anajifunza kuachilia. Watu hawafikirii ya kwamba kuachilia kunafundishwa, lakini mtoto wa miezi minane anayeshika kijiko hajui namna ya kukuwekea kijiko kile mkononi. Karibu na mwaka mmoja ndipo vidole vinafunguka kwa amri. Sisi tunafundisha hilo kwa mchezo wa "leta" na "shika". Anakupa ganda la kiazi, unasema "aksanti", unamrudishia, naye anakupa tena, mara ishirini. Katika mchezo huo huo anaingizwa heshima: mpe mkubwa kwa mkono wa kuume, pokea kwa mikono miwili. Kumbe mtoto hajui hata kusema jina lake, tayari mkono wake umeanza kuwa mkono wa mtu wa kwetu.

Sasa tuondoke Kibati kidogo, kwa sababu elimu ya vitabu juu ya mkono wa mtoto ilianza mbali, na ilipofika Afrika ilituletea ubishi.

Mwaka 1931, katika chuo kikuu cha Yale huko Marekani, H. M. Halverson alitoa uchunguzi alioufanya kwa sinema. Aliweka mbele ya watoto kimbao chekundu cha mraba, ukubwa wa inchi 1, akapiga picha namna kila mtoto anavyokikaribia na kukikamata, kuanzia wiki ya 16 mpaka ya 52, na akatofautisha namna kumi za kushika. Katika chuo hicho hicho Arnold Gesell alitengeneza mtihani wa kupima watoto wadogo, wenye vimbao, kengele, na kitu kidogo kama kidonge cha kuokota. Mtihani ule ukawa kama ratili: mtoto anapewa vitu, anaangaliwa, halafu inasemwa ana umri gani wa ukuaji.

Ratili hiyo ilifika Kampala katika miaka ya 1950. Hospitali ya Mulago ilikuwa na watoto wengi wenye kwashiorkor, ule ugonjwa wa kuvimba unaotokana na kula vibaya. Dr. R. F. A. Dean alikuwa akiongoza kazi ya kuuchunguza. Akaja mganga wa Kifaransa, Marcelle Geber, kuona ugonjwa ule unafanya nini katika akili na mwili wa mtoto. Ili ajue mgonjwa amechelewa kiasi gani, ilimlazimu apime kwanza watoto wazima. Hapo ndipo alipostuka. Watoto wazima wa Uganda, tena hata wale wa siku chache, walionekana wako mbele ya watoto wa Ulaya kwa kushika kichwa, kukaa, na hata kushika vitu. Mwaka 1957 Geber na Dean waliandika habari hiyo katika gazeti la waganga la The Lancet, na dunia ya wataalamu ikaanza kusema juu ya mtoto wa Kiafrika "anayewahi".

Mtu anaweza kudhani ya kwamba hiyo ilikuwa sifa kwetu. Tukumbuke wakati. Ilikuwa wakati wa ukoloni, Waingereza kule, Wabeleji huku, na kulikuwa na fikra ya zamani katika vichwa vya Wazungu wengi kwamba Mwafrika anakomaa haraka kama mnyama, kisha akili yake inasimama mapema. Katika fikra hiyo, kumwambia mtu kwamba mtoto wake amezaliwa na mkono wa haraka kulikuwa njia ya kumwambia hana haja ya shule ndefu. Kama wepesi unatoka katika damu, basi kazi ya mama haina thamani. Yeye ni mfuko wa kubebea tu.

Lakini Geber mwenyewe aliona jambo lingine, na ni haki kumpa heshima yake. Aliona watoto wa Kiganda waliolelewa kwa namna ya Kizungu, kulazwa katika kitanda cha peke yao sehemu kubwa ya siku, hawakuwa na ule wepesi kama wenzao waliobebwa na kuzungukwa na watu. Aliona pia ya kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa kwa ghafla na kutengwa na mama yake alirudi nyuma. Kwa hiyo hata katika vipimo vyake mwenyewe mafundisho yalikuwa yakionekana. Miaka iliyofuata wengine walimkosoa. Mwaka 1972 Neil Warren alikusanya maandishi yote juu ya jambo hilo akaonyesha kwamba vipimo vingi havikufanywa kwa uangalifu wa kutosha, na ya kwamba neno "kuwahi" lilikuwa limesemwa kwa haraka.

Jibu zuri zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka Kenya. Charles Super na mwenzake Sara Harkness waliishi kati ya Wakipsigis wa kijiji cha Kokwet tangu 1972 mpaka 1975. Super hakuishia kupima; aliwauliza wamama wanafanya nini. Wamama wakamwambia bila kuficha: tunawafundisha. Walikuwa na maneno maalum katika lugha yao kwa kumfundisha mtoto kukaa na kumfundisha kutembea. Walichimba shimo dogo katika udongo, wakalitandika, wakamkalisha mtoto mgongo ukiegemea. Na matokeo yakafuata mafundisho. Watoto wa Kokwet walikaa kama mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani, na walitembea mapema pia. Lakini katika mambo yasiyofundishwa, kama kutambaa ama kuinua kichwa wakiwa wamelala kifudifudi, hawakuwa mbele, wengine walikuwa nyuma. Super alitoa habari hiyo mwaka 1976. Damu haichagui kukaa na kuacha kutambaa. Anayechagua ni mama.

Hilo la kukaa linaugusa mkono moja kwa moja. Mtoto ambaye mgongo wake haujashikilia anatumia mikono kama nguzo, ili asianguke. Mpe shimo la Kokwet, ama beseni la Kibati lenye vitenge, ama mapaja ya dada yake, na mikono yake yote miwili inakuwa huru. Sisi hatuwezi kuchimba shimo katika jiwe la volkano, tukapata beseni. Kazi ni ile ile.

Na kuna wenzetu wa Ituri. Katika msitu ule wachunguzi kutoka Marekani walikaa miaka mingi kuanzia 1980 kati ya Waefe na majirani zao Walese. Katika kitabu cha Barbara Rogoff cha mwaka 2003 imo picha iliyopigwa na David Wilkie: mtoto wa Kiefe wa miezi 11 anakata tunda kwa panga, na anakata sawasawa, na ndugu mkubwa yuko karibu anamwangalia. Picha hiyo imewashangaza wasomaji wengi wa Ulaya na Marekani. Watu wa pwani wana methali yao, mtoto akililia wembe mpe, wakimaanisha mwache aumie apate akili. Waefe hawafanyi hivyo. Mtoto anapewa panga na pamoja na panga anapewa jicho la mkubwa lisilotoka. Tofauti hiyo si ndogo, na nitairudia.

Mwaka 2008 ulitoka mtihani uliotengenezwa upya katika Kilifi, pwani ya Kenya, na Amina Abubakar na wenzake, wa kupima mwendo wa mtoto na namna jicho na mkono vinavyosaidiana, kwa watoto wa miezi 6 mpaka 35. Nautaja kwa sababu mbili. Kwanza, mpimaji alikuwa mtu wa huko huko. Pili, wakati vile vile vya miezi ya mwisho wa mwaka ule wa 2008, hapa Kibati mtu aliyetaka kupima mkono wa mtoto angekuta hali ambayo haimo katika mtihani wowote.

Wengi wetu hatujasahau. Mwishoni mwa Oktoba 2008 askari wa CNDP ya Laurent Nkunda walichukua Rumangabo na Rutshuru, wakateremka mpaka Kibumba. Kambi ya Kibumba ikahama usiku mmoja. Watu wakajazana Kibati, katika kambi mbili, zaidi ya watu 60,000, na mstari wa vita ulikuwa karibu sana, risasi zinasikika. Wengine walikuwa wameshahama mara tatu, mara nne. Mvua ya Novemba. Vibanda vya majani ya mgomba na shitingi juu ya mawe. Kisha ikaja kipindupindu. HCR ikaanza kuhamisha watu kwenda Mugunga, upande mwingine wa Goma, wasiwe karibu na bunduki.

Fikiri mtoto wa miezi saba katika kambi ile. Beseni limebaki Kibumba. Ungo umebaki. Mkeka, kama uko, ni wa watu wanane. Mama anamfunga mgongoni mchana na usiku, na anaifunga tena mikono ndani kama ya mtoto wa mwezi mmoja, maana wakati wa kukimbia mkono ulio nje unashikwa na miti, ama unamshika mtu mwingine. Mafundisho yamerudishwa nyuma miezi mitatu kwa sababu ya vita.

Na kuna jambo baya zaidi. Nimesema mtoto wa umri huo anajua kitu kwa kukipeleka kinywani. Kipindupindu nacho kinapita kwa mkono na kinywa. Wahamasishaji walipita na vipaza sauti: osha mikono, usimwache mtoto atie uchafu kinywani. Walikuwa na haki, na waliokoa watu. Lakini mama alilazimika kuutoa mkono kinywani mara mia kwa siku, kumpiga kofi kidogo, kumnyang'anya kila alichokamata, yaani kuzuia kitu kile kile ambacho mwezi uliopita alikuwa anakifurahia. Maji ya kunawa yenyewe yalipangiwa foleni na bidoni.

Watoto walipata vitu vingine. Waliodhoofu walipewa Plumpy'nut, ile pasta ya karanga katika kifuko, iliyoanzishwa na Wafaransa André Briend na Michel Lescanne katika miaka ya 1990. Mama anakata pembe, mtoto anashika kifuko kwa mikono miwili na kufyonza. Muuguzi anaangalia kilo; lakini mtu mwenye jicho la mama mzee angeona pia vidole. Mtoto aliyekonda sana hashiki, anaachia mkono wazi juu ya paja, na kitu ukikiweka kinabaki pale pale. Baada ya siku kadhaa za kula, vidole vinaanza kukunja kifuko. Wamama waliliona hilo kabla ya mizani.

Mama mmoja wa Kibumba, ambaye leo ni jirani, alinisimulia ya kwake. Alikimbia na mtoto wa kiume wa miezi saba, sufuria moja, na ufunguo wa kufuli la nyumba. Kambini mtoto hakuwa na kitu cha kushika, basi akampa ufunguo, akiwa ameuchemsha kwanza katika sufuria na kuufunga kwa uzi kwenye kitenge chake mwenyewe. "Niliogopa asiupoteze kuliko nilivyoogopa asiumeze," aliniambia, na akacheka. Kwa ufunguo ule mtoto alijifunza kuhamisha kitu mkono kwa mkono. Kwa ufunguo ule akajifunza kukamata kwa vidole viwili, kwa sababu ufunguo ukianguka juu ya jiwe hauchukuliki kwa kiganja. Dada yake wa miaka tisa ndiye aliyekaa naye mama akienda foleni ya PAM kuchukua unga na maharagi, na ndiye aliyecheza naye "leta" na "shika".

Mapatano kati ya serikali na CNDP yalisainiwa Goma tarehe 23 Machi 2009, na katika mwaka ule kambi zikafungwa, watu wakapanda kurudi. Tungependa habari iishie hapo. Mwaka 2012 M23 ilikuja, ikachukua Goma tarehe 20 Novemba, na mwaka 2013 vilima vya Kibati vilipiganiwa tena. Baada ya 2021 watu walikimbia lava, baada ya 2022 wakakimbia tena vita mpaka Kanyaruchinya, na Januari 2025 Goma ikachukuliwa mara nyingine. Kila mara ni mabeseni yaliyoachwa na mikono iliyofungwa tena ndani ya kitenge.

Hapa narudi kwenye panga la Ituri. Mtoto akishajua kuokota, haokoti maharagi tu. Katika mashamba ya mahali palipopiganiwa hubaki maganda ya risasi, na hubaki pia mabomu yasiyolipuka, mengine madogo, mviringo, yanang'aa, yanatosha katika mkono wa mtoto wa miaka miwili ama mitatu kana kwamba yalitengenezwa kwa ajili yake. Wataalamu wa kutegua wanapita shuleni na picha, na ni vizuri. Lakini anayeokota kwanza bado hajafika umri wa shule. Zamani mama alimweka mtoto pembeni ya shamba, chini ya kivuli, akalima, na mtoto akachimba udongo kwa vidole. Leo wamama wengi hawathubutu. Wanarudi kumfunga mgongoni mtoto mzito anayetaka kushuka, wanalima naye, na jioni migongo inauma. Anayesema wamama wa siku hizi wanawadekeza watoto, aende kwanza alime katika shamba lile.

Mimi si mganga, na sina nia ya kuwafundisha wauguzi kazi. Ninaomba swali moja tu liongezwe siku ya kupimisha, hata bila kuandikwa. Zile alama sita ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2006 ni za kukaa, kutambaa, kusimama na kutembea, mkono haumo. Zenyewe zinaacha nafasi kubwa: mtoto mzima anaweza kukaa bila kushikwa mapema kama miezi 3.8 ama kuchelewa hadi 9.2, na kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. Kwa hiyo mama asiogope kwa wiki mbili tatu. Lakini mtoto ambaye mwezi wa nne ama wa tano bado ngumi zake zimefungwa muda wote, ama anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka huku mwingine ukilala, huyo aonyeshwe kwa mganga mapema, maana upande mmoja wa mwili unaweza kuwa na shida. Wamama wazee wanayaona hayo. Hakuna anayewauliza.

Kupenda mkono mmoja kwa kawaida kunaonekana wazi baadaye, kuanzia miaka miwili na zaidi. Hapo tunakuwa wakali. Mtoto anayekula kwa kushoto anapigwa vidole, mkono unafungwa kitambaa, kwani kumpa mkubwa kitu kwa kushoto ni kumtukana. Nilimwuliza mama wa ufunguo kama mtoto wake alishika kwa mkono gani. Akasema kushoto, tangu kambini, na ya kwamba mama mkwe, angekuwepo, angemsahihisha; lakini mama mkwe alikuwa amekimbilia upande wa Rutshuru na walionana tena mwaka uliofuata. Walipofika nyumbani Kibumba mlango ulikuwa umeng'olewa, kufuli halikuwepo. Ufunguo ukabaki kwa mtoto. Sasa ni kijana, anasukuma chukudu kwenye barabara hii hii, na kamba za mizigo anazifunga kwa kushoto.